Waya Uliolala Matopeni

Msimu wa masika uliopita nilipitia Kitale kumjulia hali mpwa wangu, ambaye ni fundi wa mawe katika jengo la orofa tatu lililokuwa likijengwa si mbali na kituo cha magari. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri. Wenyeji wa Trans-Nzoia wanazijua vyema alasiri za msimu huo: asubuhi huwa na jua la kuchoma utosi, na adhuhuri ikishapita mawingu hushuka kutoka upande wa Mlima Elgon, yakamwaga maji kana kwamba yana deni la kulipa. Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika kitambo kidogo tu. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kurudi kazini kwa haraka, kwani kibarua hulipwa kwa siku, na siku iliyonyeshewa ni siku iliyopungua.

Kilichonisimamisha pale langoni hakikuwa jengo, bali waya. Ulitoka katika dirisha la duka la jirani, ukavuka njia ya malori ya mchanga, ukazama katika dimbwi la maji ya rangi ya chai ya maziwa, ukaibukia upande wa pili na kupanda na ngazi ya mbao hadi orofa ya pili, ambako kijana mmoja aliyevaa kandambili alikuwa akikata nondo kwa grainda. Katika safari hiyo ndefu waya ulikuwa umeungwa mara tatu. Maungio mawili yalifungwa kwa tepu nyeusi. La tatu, ambalo ndilo lililokuwa karibu zaidi na dimbwi, lilifungwa kwa nailoni. (Serikali ilipiga marufuku mifuko ya nailoni mwezi wa Agosti 2017, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza masalio yake yalikwenda wapi. Sasa najua.)

Nilimwuliza mpwa wangu kama hakuna anayeuogopa waya ule. Akacheka kwa heshima, kama vijana wanavyowacheka wakubwa wao.

"Mjomba, huo waya tunaujua. Ukiuruka hauna shida."

Basi hiyo ndiyo kanuni ya usalama niliyoikuta pale, na msomaji aliyewahi kufanya kazi ya mjengo, iwe ni Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Webuye au Bungoma mjini, atakubaliana nami kwamba haikuwa kanuni ya jengo lile pekee. Tumezoea kuulilia ujenzi pale tu orofa zinapoporomoka. Jengo la Huruma, Nairobi, lilipoanguka mwezi wa Aprili 2016 na kuua makumi ya watu, taifa zima lilisimama. Lakini waya hauui makumi. Unaua mmoja leo na mmoja mwezi ujao, katika mji ambao mwandishi wa habari hakufika, na maiti husafirishwa kijijini kabla saruji ya siku hiyo haijakauka.

Hebu tukitazame kifaa chenyewe. Ekstensheni ilibuniwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba: redio iwekwe kando ya kitanda, au pasi ifike mezani. Mjengoni hugeuzwa ikawa kitu kingine kabisa. Hukatwa kichwa, huongezwa mita ishirini za waya mwembamba ulionunuliwa kwa bei ya chini, na mwishoni hutundikwa soketi ya mbao yenye matundu manne, ambamo huchomekwa grainda, drili, taa ya usiku, na simu tatu za mafundi zinazochajiwa. Waya uliotengenezewa kubeba taa sasa unabeba kiwanda.

Hapa yafaa tulifafanue jambo moja ambalo wengi wetu, pamoja na mafundi stadi, hatulielewi. Plagi yetu ya miguu mitatu, tuliyoirithi kwa Waingereza, ina fyuzi ndani yake, ambayo aghalabu ni ya ampea 13. Mtu huiona fyuzi akajiambia kwamba yuko salama. Fyuzi haikuwekwa pale kumlinda mtu. Iliwekwa kuulinda waya usiungue. Umeme wetu ni wa volti 240. Mwili wa mtu aliyelowa maji na kusimama matopeni huweza kuuzuia umeme huo kwa kiasi cha omu 1,000 hivi. Ukifanya hesabu utaona kwamba mtu huyo atapitiwa na takriban robo ya ampea. Moyo wa binadamu huweza kuvurugika mapigo kwa sehemu ya tano tu ya kiasi hicho. Lakini je, fyuzi huona nini? Robo ya ampea kwa volti 240 ni wati 60. Kwa hiyo mbele ya fyuzi, kijana anayekufa hana tofauti na balbu moja ya chumbani iliyowashwa. Fyuzi haitakatika. Grainda ya ghorofani itaendelea kunguruma, na huenda mwenye kuishika asijue kwamba mwenzake kaanguka chini.

Mlinzi wa kwanza wa mtu ni waya wa tatu, ule wa rangi ya kijani na manjano unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Nao ndio wa kwanza kuachwa, kwa sababu waya wa nyuzi mbili ni rahisi kuliko wa nyuzi tatu, na mashine huzunguka vilevile. Ama kuhusu soketi, kuna ujanja ambao msomaji ameuona mara elfu. Tundu la juu, lile refu, ndilo funguo: mguu mrefu wa plagi unapoingia humo, vifuniko vya matundu mawili ya chini hufunguka. Waingereza walioibuni walidhani kwamba kwa njia hiyo hakuna mtu atakayeweza kuupata umeme pasipo kwanza kuungana na ardhi. Hawakumfahamu fundi wetu. Yeye huingiza msumari au kalamu katika tundu la juu, vifuniko vikafunguka, kisha akapenyeza nyaya mbili tupu katika matundu ya chini na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Nimemwona mtu akifanya hivyo kwa sekunde kumi huku akizungumza na simu.

Kisha kuna joto. Waya wa unene wa milimita mraba 0.75, ukivutwa mita 50, hupoteza njiani volti kama 26 pale mashine inapokula ampea 10. Volti hizo hazipotei bure. Hugeuka kuwa joto la wati 260 ndani ya waya wenyewe. Ukiwa umetandazwa, hewa huupoza. Ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, au umefunikwa kwa magunia ya saruji ili watu wasijikwae, joto halina pa kwenda, mpira huyeyuka, na shaba ikabaki uchi. Mashine nayo, kwa kuwa inapewa umeme pungufu, huhangaika na kuungua. Mwenye mashine husema aliuziwa grainda bandia. Wakati mwingine ni kweli, maana madukani mwetu bandia ni nyingi, nyaya zikiwemo. Ila mara nyingine grainda haikuwa na hatia.

Waingereza hao hao waliotuachia plagi na sheria za viwanda, wao wenyewe hawautumii umeme wa volti 240 kuendeshea mashine za mkononi mjengoni. Kule ni desturi ya miaka mingi kuweka transfoma inayoushusha umeme hadi volti 110, iliyofungwa kwa namna ambayo hata mtu akigusa waya uchi na kukanyaga ardhi hupatwa na volti 55 tu. Nyaya zake huwa za manjano ili zionekane, na plagi zake haziwezi kuingia katika soketi ya kawaida. Sisi tulirithi kilichowafaa wakaaji wa nyumba, lakini kilichomfaa mjenzi wa nyumba hiyo hakikuvuka bahari. Sisemi kwamba kila mwenye ploti Bungoma anunue transfoma. Kuna kifaa kidogo zaidi, ambacho mafundi wa umeme hukiita kwa herufi tatu, RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na akaunti ikipungua kwa milliampea 30, yaani umeme unavuja mahali, pengine kupitia kwa mtu, hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Bei yake ni ya mifuko michache ya saruji. Kiulize kifaa hicho katika mjengo wowote wa kibinafsi kati ya Kitale na Bungoma, na utatazamwa kama mtu aliyeuliza bandari.

Naandika haya kwa hasira kidogo, na msomaji ana haki ya kujua sababu yake.

Kijana wa jirani yangu alikwenda Bungoma kutafuta kibarua mara tu baada ya kuoa. Akapata kazi ya kusaga sakafu ya terazo katika jengo la maduka. Wasioijua kazi hii yafaa waelezwe: terazo ikishakauka husagwa kwa mashine nzito ya umeme yenye mawe ya kusagia, na muda wote humwagiwa maji ili vumbi lisipande na mawe yasichemke. Mtu husimama katika uji wa saruji kutwa nzima, ameshika mashine ya chuma kwa mikono miwili, na nyuma yake waya unaburuzwa ndani ya uji huo huo. Sijui kama kuna kazi nyingine halali ambamo maji, chuma, umeme na mwanadamu huwekwa pamoja kwa ukaribu namna ile. Siku ya nne ungio la waya lilifunguka ndani ya maji. Wenzake walidhani ameteleza. Wa kwanza aliyemshika mkono amwinue alitupwa ukutani, ndipo mtu mmoja akapiga mbio kuitafuta swichi, ambayo haikuwa karibu. Ilikuwa katika chumba kilichofungwa, na mwenye ufunguo alikwenda kunywa chai.

Kontrakta, ambaye sitamtaja, alileta jeneza zuri, akalipia gari, akampa mzee shilingi 40,000 na kusimama kaburini akasema kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Mungu. Watu wakaitikia. Mimi pia niliitikia, na ndilo jambo linaloniuma.

Ilipita miezi kumi na minne. Jioni moja mzee alinijia na swali. "Wewe husoma magazeti," akaniambia. "Nimesikia kuna pesa za serikali za mtu aliyekufa kazini. Ni kweli, ama ni maneno ya watu?"

Si pesa za serikali, ila ni kweli. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inasema kwamba mfanyakazi akifa kutokana na ajali ya kazi, wategemezi wake wanastahili fidia ya mapato ya miezi 96. Tufanye hesabu kwa mtu wa mkono anayelipwa, tuseme, shilingi 700 kwa siku 26 za mwezi. Hizo ni shilingi 18,200. Mara 96 ni shilingi 1,747,200. Mzee alikuwa amepewa 40,000 na jeneza. Sheria hiyo hiyo inamlazimu mwajiri awe na bima ya kufidia wafanyakazi wake. Ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoiidhinisha mwezi wa Desemba 2019. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai leo kwamba hajui kama inafanya kazi.

Lakini sheria hiyo inataka pia madai yawasilishwe katika muda wa miezi 12. Nilimweleza mzee hivyo, nikamwona akihesabu kwa vidole. Nilimwambia twende kwa wakili hata hivyo, kwa kuwa mwajiri mwenyewe alikuwa na habari za kifo kile tangu saa ile ile. Mzee aliniuliza kama kuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba mwanawe alifanya kazi pale. Hakuna. Kuna wenzake waliomwona, na hao wametawanyika katika mijengo mingine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inautambua hata mkataba wa mdomo, jambo ambalo ni la kushukuru, ila mdomo sharti upatikane ili useme.

Sheria za kuzuia kifo chenyewe tunazo pia. Kanuni za umeme katika viwanda na mahali pa kazi ni za 1979, na zile za kazi za ujenzi na uhandisi ni za 1984, enzi ambazo wengi wa mafundi wa leo hawakuwa wamezaliwa. Mwaka 2007 ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo kwa maandishi ni sheria nzuri. Inamtaka anayemiliki mahali pa kazi ahakikishe usalama wa kila mtu aliye pale, apime hatari zilizopo, na akishindwa kutimiza wajibu huo atozwe faini isiyozidi shilingi 200,000, au afungwe miezi isiyozidi sita, au yote mawili. Inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na inamkataza mwajiri kumrudisha mtu huyo penye hatari kabla haijaondolewa. Mfanyakazi akifa, afisa wa usalama wa eneo hilo sharti ajulishwe katika saa 24 na aandikiwe katika siku saba. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sharti pawe na kamati ya usalama.

Angalia hiyo ishirini. Mijengo mingi ya kibinafsi katika miji yetu ina watu wanane, kumi, kumi na watano. Mwenye ploti yuko Nairobi, au Doha, au Marekani, akituma pesa kwa simu kwa ndugu yake. Ndugu huyo humwita fundi mkuu. Fundi mkuu huwaita mafundi wawili, na kila fundi huja na watu wake wa mkono. Kijana akipigwa na stima, ndugu husema mwajiri ni fundi, fundi husema mwenye nyumba ndiye anayelipa, na mwenye nyumba simu yake imezimwa. Sheria ilimwandikia barua mtu anayeitwa mwajiri, na katika mjengo wa Kitale barua hiyo huzungushwa mkono kwa mkono hadi ikachakaa.

Wapo watakaosema kwamba ninawaonea maskini wanaojenga kwa kujinyima. Hoja hiyo naiheshimu. Mwalimu anayejenga vyumba vinne vya kupangisha kwa mkopo hana pesa za kuchezea. Hata hivyo, mwalimu huyo hapati kuanza msingi kabla ramani yake haijapigwa muhuri na serikali ya kaunti, na hulipia muhuri huo. Anapewa masharti ya umbali wa choo na upana wa madirisha. Kuna ugumu gani kuongeza sharti la ubao wa umeme wa muda, uliofungwa na fundi mwenye leseni, wenye waya wa ardhini na kile kifaa cha herufi tatu, uwe umekaguliwa kabla ya mashine ya kwanza kuwashwa? Maafisa wa usalama kazini ni wachache mno kuweza kuufikia kila mjengo. Wakaguzi wa kaunti wao hupita huko tayari, wakitafuta ramani isiyo na muhuri. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo imekuwa ikiwasajili wanakandarasi na kuwatambua mafundi. Fundi anayepewa kitambulisho aulizwe walau swali moja kuhusu waya uliolala majini.

Na isidhaniwe kwamba mijengo midogo pekee ndiyo yenye tatizo. Uwanja wa Masinde Muliro kule Kanduyi ulifanyiwa ukarabati ili sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2024 zifanyikie Bungoma. Sisemi kwamba kulikuwa na hitilafu pale. Nasema tu kwamba kila kazi ya serikali yenye tarehe isiyosogezwa huishia kufanywa usiku kwa taa, na kila taa huja na waya wake, na mtu aliyechoka saa saba za usiku hatazami anapokanyaga. Hapo ndipo ningependa kumwona afisa, wala si siku ya kukata utepe.

Kuna ambayo mafundi wenyewe wanaweza kufanya kesho asubuhi bila kumngoja mtu. Waya uinuliwe juu ya nguzo za mbao badala ya kulala chini. Ungio lisikae nje, sembuse majini. Swichi kuu isifungiwe chumbani, na kila mtu aonyeshwe ilipo. Mwenzako akinaswa, usimguse. Kata umeme kwanza, na ukishindwa, msukume kwa mbao kavu ukiwa umesimama pakavu. Akiwa hapumui, mkandamize kifua kwa nguvu na kwa haraka bila kuacha hadi msaada ufike. Na hata akiinuka akacheka na kusema ni mzima, apelekwe hospitali, kwa sababu moyo uliotikiswa na umeme huweza kuleta taabu baada ya saa kadhaa.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu siku ile, pengine kwa urefu kuliko alivyotaka. Majuma matatu baadaye nilipita tena Kitale. Waya ulikuwa umeinuliwa juu ya miti mitatu na haukugusa tena dimbwi, na nyaparaa mwenyewe alinionyesha kwa fahari. Nilimshukuru. Kisha nikaomba kuona unakoanzia. Tukaingia katika duka la jirani, akasogeza kreti ya soda, tukainama sote wawili. Katika tundu la juu la soketi mlikuwa na msumari wa inchi tatu.

"Huo," akasema, "ni wa mwenye duka."